Ya Mezani na ya Kupakata

Gari lilisimama Isongole kupakia viazi, na kwa muda mrefu Suad hakuona kitu dirishani ila weupe. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani kama mwenye nyumba. Mtu alitokeza ndani yake na gunia begani, akalirusha juu ya gari, akamezwa tena. Suad alikuwa mtoto wa Pangani; baridi aliyoijua ni ile ya barafu za ubuyu zinazouzwa nje ya shule. Alijikunyata ndani ya sweta jekundu aliloazimwa na mwenzake wa chumba, akalibana begi lake kifuani kwa mikono miwili.

"Dada, hilo begi lete niweke juu," kondakta alimwambia. "Utachoka mikono."

"Sichoki."

"Kwani umebeba dhahabu?"

"Karatasi."

"Karatasi ndiyo unaipakata hivyo? Ikilia tuambie tukutafutie maziwa!"

Gari zima likacheka, hata bibi mmoja aliyekuwa amelala na kuku miguuni. Suad alitabasamu kwa adabu. Swali hilo hilo, umebeba nini, alikuwa ameulizwa wiki saba nyuma, Dar es Salaam, na waliouliza hawakucheka.

Ilikuwa jioni, jua bado lipo, kwenye kinjia kinachopita nyuma ya gereji karibu na chuo. Vijana wawili. Mmoja alimwita kwa upole kabisa, "Anti, samahani," na aliposimama wa pili alikuwa tayari nyuma yake na panga limelazwa kwenye paja. Wakamuuliza amebeba nini, wakamwambia atoe laptop. Hakuwa nayo. Hakuwahi kuwa nayo. Waliligeuza begi chini juu, vikamwagika vumbini rula, rangi, mabapa ya karatasi ngumu na michoro ya miezi miwili. Waliitazama ile michoro kama watu waliofungua sufuria wakakuta maji. "Unasoma chuo, halafu huna laptop? Unatuona sisi watoto?" Yule wa panga alilishusha mara moja kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Hata si kwa hasira kubwa. Ni kama mtu anayempiga ng'ombe aliyekataa kusogea.

Kwa simu alimwambia mama yake kwamba amejikata na kisu cha kukatia karatasi, maana wanafunzi wa usanifu hujikata kila siku. Chuoni alisema hivyo hivyo. Uongo ukishapata mahali pa kukaa hauondoki kwa hiari yake. Tangu siku hiyo hakupita tena kile kinjia, na mtu akitembea nyuma yake alisimama kando ampishe.

Sasa mjomba wake Ahmadi alikuwa amepiga simu kutoka Tukuyu: njoo, nimepata kazi nzuri ya kuchora kuta, nataka nikununulie mashine yako ya masomo. Moja tu, kwa hiyo uje uchague mwenyewe. Na Suad aliihitaji mashine hiyo kuliko chakula. Alikuwa mwaka wa mwisho. Desemba alishindwa kukabidhi mradi wake wa kumaliza chuo, kwa sababu maabara ilikuwa na kompyuta kumi na mbili, saba zimekufa, na hizo tano mgao wa umeme ulizizima foleni haijasogea. Mwalimu alimpa nafasi ya pili: mwisho wa Machi. Asipokabidhi, jina lake lingefutwa, na miaka mitatu ingekwenda na maji.

*

Ahmadi alimpokea stendi ya Tukuyu akiwa na madoa ya rangi mpaka kwenye nyusi. Alikuja mji huu miaka ya themanini na brashi mbili, ndiyo kwanza biashara zinaanza kufunguliwa na kila mwenye chumba cha mbele anataka duka, na kila duka linataka jina. Ameandika bucha, saluni, zahanati za watu binafsi, gereji, baa, na makanisa yasiyo na hesabu. Mkewe alikwisha kufariki. Alipanga vyumba viwili kwenye nyumba ndefu ya Bibi Atupele, mjane wa Kinyakyusa mwenye asili ya Ikuti, aliyeishi chumba cha mwisho na kuwaita wapangaji wake wote wanangu, pamoja na wale wenye mvi.

"Ugonile, mwana," Bibi Atupele alimsalimu Suad, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kinywani mwake r iligeuka l, na z ikawa s. "Ndiyo wewe unasoma kuchola?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Malahaba. Mjomba wako anachola na ngasi. Wewe unachola na nini?"

"Na kompyuta, bibi."

"Basi hutaanguka," alisema bibi, akaenda zake.

Kesho yake wakaenda kuziona mashine. Zilikuwa mbili tu mji mzima zilizofaa.

Ya kwanza ilikuwa ya mezani, kwenye ofisi ya uchapaji ya Mzee Meshaki karibu na soko. Alikuwa anataka kuiuza kwa sababu mwanawe alimletea nyingine. Skrini yake ilikuwa na mgongo kama kobe, na lile sanduku la chini lilivuma kama mtu anayepiga mswaki. Mzee Meshaki, mzee wa kanisa, mtu asiyeharakisha neno, aliifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe.

"Binti, mashine hii imechapa kadi za harusi za nusu ya wilaya. Ndoa zilizovunjika ni tatu tu."

"Hizo tatu mlikosea herufi," Ahmadi alisema.

"Moja tulikosea bwana harusi. Lakini hilo halikuwa kosa la mashine."

Ya pili ilikuja yenyewe hadi nyumbani, kwapani mwa Ezron, kijana aliyeleta bidhaa kutoka mpakani Kasumulu na aliyevaa miwani ya jua katika mji usio na jua. Aliiweka laptop mezani akaifunua polepole kama mtu anayefunua chungu cha harusi.

"Mshua, kitu cha ukweli hiki. Imetoka Ulaya moja kwa moja. Ilitumiwa na mwalimu mmoja tu, tena mwanamke, tena kucha hana."

"Kucha zake umezionea wapi?"

"Mshua, tazama herufi. Zote zipo. Mwenye kucha angezibakisha hivi?"

Ahmadi aliipenda pale pale. Alimtazama mpwa wake akisubiri uso ufunguke. Uso haukufunguka. Suad alikuwa amekwisha kuiona ile mashine ndani ya begi lake, na begi mgongoni, na kinjia cha gereji mbele yake.

"Mjomba, mimi naona ile ya mezani."

"Ile ya kizee? Dunia nzima inakimbilia hizi!"

"Rangi," Suad alisema haraka. Alikuwa ameiandaa sababu hiyo tangu Mbeya. "Skrini ya laptop inabadilika rangi ukiinamisha kichwa. Ile ya mezani haibadiliki. Mimi nasoma rangi."

Alikuwa amemgonga mjomba wake mahali penyewe. Ahmadi alikuwa na majina yake ya rangi ambayo hakuna duka lililoyajua: bluu ya zahanati, kijani cha chai changa, nyekundu ya bucha. Akachukua kibao alichokipaka nyekundu ya bucha, akamwambia Suad aitengeneze rangi hiyo hiyo kwenye laptop. Kisha akaitazama ameketi, akaitazama amesimama, akaitazama kutoka mlangoni.

"Mlangoni imekuwa ya chungwa," alisema kwa huzuni.

"Mshua, sasa nani anachora akiwa mlangoni?" Ezron alilalamika.

"Bango husomwa na anayepita, kijana. Hakuna anayekuja kuliketia mbele."

Wakaibeba ile nyekundu mpaka kwa Meshaki, na kule haikubadilika popote. Mzee Meshaki akakubali waichukue nyumbani kwa siku tano; ikimfaa binti, wataafikiana. Suad akairudisha pumzi yake. Hakuna mwizi anayekimbia na kobe wa kilo kumi na tano. Usiku ule alilala bila kuamka kukagua komeo, mara ya kwanza tangu lile panga.

*

Mradi wake ulikuwa nembo na kasha la chai ya ushirika wa kubuni wa wakulima wadogo. Aliuchagua huko Dar kwa sababu ya barua za mjomba, akachora mashamba kwa kukisia. Sasa alikuwa akiyaona kwa macho, akafuta yote akaanza upya. Kijani alichokichora kabla kilikuwa cha mchicha.

Umeme ulikuwa wa mgao hata Tukuyu. Hapa pananyesha mpaka ndoo zinaachwa nje kwa aibu, na bado walikatiwa umeme kwa kuwa mabwawa ya huko kwingine yamekauka. Suad alijifunza ratiba: leo mchana, kesho usiku. Ukirudi alikimbilia kiti. Mashine ya Meshaki ilikuwa nzuri ya macho lakini nzito ya akili. Kila alipoamuru ihifadhi kazi ilikaa kimya muda wa kuchemsha yai, na mara mbili iliganda kabisa. Kwa hiyo akawa anaahirisha. Nikimaliza jani hili. Nikimaliza hili shina.

Siku ya nne umeme ulikuwapo tangu asubuhi. Alifanya kazi bila kuinuka, na kasha likaanza kusimama mbele yake, na woga ule uliokuwa umemkalia begani wiki saba ukashuka, akausahau. Saa tisa alasiri kitu kilinguruma upande wa mlima. Hakukisikia. Kikanguruma tena, na nyumba yote ndefu ikaamka: milango, nyayo, na sauti ya soketi moja baada ya nyingine, chaka, chaka, chaka. Mtaa mzima ulikuwa ukichomoa. Huku Rungwe, ngurumo ya kwanza ni ya kuchomoa, ya pili ni ya kufunika vioo, na ya tatu hakuna anayesubiri kujua ni ya nini.

Bibi Atupele aliingia bila hodi.

"Gwe mwana! Ladi! Chomoa!"

"Subiri, bibi, nahifadhi..."

"Ladi haisubili!"

Bibi alikwisha kuushika waya. Picha ikanywea, ikawa nukta moja nyeupe katikati ya kioo, na nukta ikafa. Bibi akautupa mgolole wake juu ya skrini, akakigeuza kioo cha ukutani kikatazama ukuta, kisha akamgeukia Suad mwenyewe.

"Na hilo sweta! Jekundu hilo, linaiita! Vua!"

"Umeniua, bibi!" Suad alipiga kelele. Hakuwahi kumpigia mtu mzima kelele maishani mwake. "Kazi yangu yote! Umeniua!"

Bibi alilishika lile sweta pindoni akalivuta juu kama anayemvua mtoto wa kuoga, na Suad, aliyekuwa analia, akajikuta mikono iko hewani. Ndipo chumba kizima kikawa cheupe. Sauti ilikuja pamoja na mwanga, bila nafasi katikati, na vumbi la dari likawamwagikia. Ng'ambo ya barabara mtu alipiga yowe, halafu wengi. Harufu ya kitu kilichoungua ikapita chini ya mlango.

Ilikuwa televisheni ya baa. Ilipasuka vipande na kuacha alama nyeusi ukutani mpaka dari. Hakuna aliyeumia, wanywaji walikuwa wamekimbilia nje kuokoa nguo zilizoanikwa. Wenye baa hawakuwa wenyeji, hawakuchomoa.

Suad alikuwa sakafuni, ameshikwa na Bibi Atupele kwa nguvu ambayo hakuitegemea kwa mwili ule mdogo. Alipotulia akagundua kwamba bibi hatazami dirisha. Anatazama mkono wake.

"Hiki nini?"

"Nilijikata na kisu cha karatasi."

Bibi akapitisha kidole juu ya kovu, kutoka juu kwenda chini, taratibu.

"Mimi nimekata ndisi miaka sitini. Mtu akijikata mwenyewe, haliwi hivi. Hili panga. Tena aliyelishika alilishusha kutoka juu." Akauachia mkono. "Nani?"

*

Ahmadi aliingia na ngazi yake, maji yakimchuruzika, akawakuta wamekaa chini. Suad alisimulia yote mbele yao wawili, na alivyokuwa anasimulia alitazama kidole kikubwa cha mguu wa mjomba wake, kilichokuwa na rangi ya njano. Kidole hicho kilijikunja.

Aliitarajia hasira. Ilikuja hofu, na hofu ya mjomba ilikuwa kubwa kuliko yake.

"Basi hurudi," Ahmadi alisema.

"Mjomba..."

"Hurudi Dar. Nitazungumza na mama yako. Hiyo mashine ya Meshaki naichukua leo hii, iwekwe hapo mezani, na wewe ukae hapa. Mimi nachora, wewe unachora. Kazi zipo. Vyeti havizuii panga." Alisimama, akaketi, akasimama tena. "Na Ezron akipita hapa na lile likitu lake nitamvunjia ile miwani. Nilikuwa nataka kukununulia kifo, mwanangu, na mimi nafurahi!"

Usiku na mchana uliofuata umeme haukurudi. Radi ilikuwa imeipata transfoma. Suad alikaa mbele ya ile mashine iliyofunikwa, akajaribu kuyaona maisha ambayo mjomba wake alimpa. Yalikuwa na usalama wote. Asubuhi uji, mchana majina ya bucha. Hakuna kinjia, hakuna gereji. Na kila jioni angekumbuka siku jina lake lilipofutwa. Jambo lililomtisha zaidi ni kwamba nusu ya moyo wake ilikwisha kukubali, nusu ile ile iliyokuwa ikisimama kando na kuwapisha watu njiani.

Umeme uliporudi aliiwasha mashine. Iliwaka, haikuwa na kosa. Lakini faili la mradi lilikataa kufunguka; kuchomolewa kulilikuta katikati ya kuhifadhiwa. Siku nne zilikuwa zimekwenda. Iliyobaki ni nakala ya zamani kwenye CD, ile ya kijani cha mchicha.

Hakulia. Alihesabu siku zilizobaki mwezi ule, akaenda kumtafuta mjomba wake. Alimkuta juu ya ngazi mbele ya duka la pembejeo.

"Mjomba, shuka kidogo."

"Sema tu, nakusikia."

"Mwambie Ezron alete ile mashine."

Brashi ilisimama. "Hilo nililimaliza."

"Hii ya mezani ikichomolewa inakufa. Hapa radi, kule mgao, kila siku inachomolewa. Ile nyingine ukiichomoa inaendelea. Saa moja tu, lakini saa moja inatosha kuhifadhi."

"Na mapanga je? Nikununulie kitu watu wakukate?"

"Walinikata nikiwa sina."

Ahmadi alimtazama kutoka juu. Watu wawili waliokuwa wakinunua mbolea wakaacha kuongea.

"Nilikuwa na karatasi tu, mjomba, na walinikata," Suad alisema. "Nimekuwa nikijiambia nisipokuwa nayo nitakuwa salama. Sikuwa nayo! Naogopa. Naogopa hata kusema hapa barabarani. Lakini nikikaa hapa nitaogopa pia, na sitakuwa na cheti."

Mjomba alishuka ngazi, kidato kwa kidato, kama mtu aliyezeeka juu huko. Hakusema ndiyo. Alisema, "Rangi yake mlangoni ni ya chungwa."

"Nitakaa karibu. Nitapima na kibao chako."

*

Ezron alileta laptop akiwa ameivua miwani, kwa tahadhari. Suad aliipima betri kwa saa ya mjomba: Ezron alisema saa mbili, ikakaa saa moja na dakika kumi. "Dada, ni baridi ya huku," Ezron alijitetea. "Hata mimi huku sifiki saa mbili." Wakamvumilia kwa hilo.

Kwa siku tisa Suad alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Umeme ulipokatika alihifadhi, akafunga, akaenda kwa Mzee Meshaki aliyekuwa na jenereta, na mzee alimpa kona na soketi, akidai tu kwamba binti awaeleze wateja kuwa mashine ya mezani haikurudishwa kwa ubovu. Ngurumo zilipokuja Bibi Atupele aliingia bila hodi, akachomoa, akafunika kioo. Na Suad aliendelea kubofya chini ya mgolole wenye harufu ya moshi.

"Inaitwaje hii?" bibi aliuliza mara moja.

"Laptop. Wengine wanaiita kompyuta mpakato. Ya kupakata."

Bibi akaifikiria. "Basi ipakate. Mtoto mwenye maadui haachwi chini."

Kasha likamalizika. Kijani kilikuwa cha chai changa. Ahmadi alikiona akiwa ameketi, amesimama na kutoka mlangoni, akasema mlangoni ni uongo lakini mezani ni kweli, na safari hii akakubali mtu aketi.

Siku ya kuondoka alfajiri ilikuwa na manyunyu. Suad hakuitia laptop kwenye begi. Bibi Atupele alikuwa ameifunga kwenye kitenge chakavu, kitenge ndani ya kikapu, juu yake mkungu mdogo wa ndizi za kupika, na Suad alikikumbatia kikapu kile tangu mlangoni mpaka stendi bila kumpa mtu. Alitembea katikati ya mjomba na bibi. Mara tatu aligeuka nyuma. Mara zote tatu hapakuwa na mtu, ila ukungu, na ukungu ulimtisha zaidi.

Basi la kutoka Kyela lilifika likiwa na taa zote. Mpiga debe akamrukia.

"Dar, Dar! Anti, lete kikapu kiende buti!"

"Hakiendi buti."

"Ndizi zinakaa na abiria siku hizi? Zimekata tiketi?"

"Zimekata," Suad alisema.

Mpiga debe akacheka, akamwachia mlango. Suad aliinama akambusu mjomba wake mkono, akataka kumbusu bibi, bibi akamsukuma, "Panda, panda, gari haisubili." Akapanda. Wakamwona akipita kati ya viti, akikaa dirishani upande wao, kikapu mapajani, mikono yote miwili juu yake. Aliwatazama. Midomo ilikuwa inasema kitu kupitia kioo, lakini injini ilikuwa inanguruma.

Halafu mwanamume mmoja akaja kwenye kiti cha pembeni yake. Alivaa koti jeusi, kofia imeshuka mpaka machoni, hana mzigo wowote. Mtu anayekwenda Dar es Salaam, safari ya kutwa nzima, bila hata mfuko. Ahmadi alimwona. Alimwona pia Suad akimwona, akisogea dirishani, mikono ikikaza. Kwa kitambo ilionekana kama atainuka. Ahmadi akanyanyua mkono, na hakujua kama anamwita ashuke au anamuaga.

Suad hakuinuka. Alikishusha kikapu kidogo, akakibana kati ya magoti, akamgeukia yule mtu na kumwambia neno. Mtu akageuza kichwa. Basi likaondoka.

Ahmadi alikimbia hatua kumi kando yake, ndala zikimtoka, akaona taya la yule mtu tu, na kidole chake kikielekeza kitu, pengine dirisha, pengine ndizi. Kisha basi likakata kona ya kupandia Kiwira.

Alitoa simu. Mnara wa simu ulikuwa haujapona tangu ile radi. Alama ilikuja moja, ikaondoka. Aliandika, UMEKAA NA NANI, akatuma, simu ikamrudishia. Akatuma tena. Bibi Atupele alisimama kando yake na mgolole kichwani, akiitazama barabara ambayo haikuwa na kitu.

"Ile kona ya pili ina mtandao?" aliuliza.

"Nasikia Isongole upo."

"Basi tungoje afike Isongole," bibi alisema, akajikunja kwenye benchi la stendi lililolowa, na Ahmadi akaketi karibu naye, simu mkononi, manyunyu yakiwaangukia wote wawili.